Mashine Yako na Salfa Yangu

Newala, Jumapili alasiri

Mwanangu Rehema,

Umetoka hapa saa nane kwenda Mnyambe kumuaga bibi yako, na najua hutarudi kabla ya jua kuzama, kwa sababu bibi yako hamwachii mtu aondoke bila kula, na akishamaliza kulisha anaanza kulia. Kwa hiyo nina kama saa tatu. Nimefunga mlango wa uani, nimekaa kwenye meza yako, ile yenye usukani, na nimechana kurasa kwenye daftari langu la maandalio ya masomo. Usishangae ukigeuza upande wa pili ukakuta sehemu za ua.

Sitakuandikia habari za chandarua, wala za kuanika nguo, wala za marafiki wa kuchagua. Hayo nimeyasema wiki nzima mpaka jana ukaniambia, "Mama, umenirudisha darasa la tatu." Ulisema kweli. Nilikuwa nasema yale ili nisiseme hili.

Hili ni la kompyuta. Hukuiharibu wewe. Niliiua mimi, na nimelijua hilo tangu mwaka jana mwezi wa tatu, nikanyamaza.

Sasa nimeshaandika, siwezi kulifuta kwa sababu natumia kalamu nyekundu ya kusahihishia. Acha nikueleze kwa mpangilio, maana mwalimu ni mwalimu hata anapokiri kosa.

Unakumbuka ilivyokuja. Mjomba wako Iddi aliileta kutoka Dodoma ikiwa imeshachoka na kazi za ofisi, pamoja na usukani na pedeli alizoachiwa na jirani yake aliyekuwa anahama. Ukawa unaendesha magari ya mashindano humu chumbani, lakini picha inakwama. Ulinilalamikia kwamba gari linafika kwenye kona kwanza, halafu kona yenyewe inakuja baadaye. Ukakaa wiki nzima unasoma kwenye simu, kisha ukaniletea karatasi yenye vitu vinne: ile bodi kubwa mnayoiita mazabodi, prosesa ambayo ndiyo ubongo wake, ramu ya kumbukumbu na kadi ya picha. Nikauliza kwa nini vyote, kwa nini usianze na kimoja. Ukasema, "Mama, ukibadili kimoja vingine vinakikataa." Nikasema basi ni kama mawifi. Ulicheka mpaka ukakaa chini.

Mjomba wako akawa anavipata kimoja kimoja na kuvituma kwa basi, vimeviringishwa kwenye vitenge vya shangazi yako. Ulikuwa na subira ambayo mimi sina. Kila kilichofika ulikiweka juu ya kabati bila kukifungua, ukisubiri vitimie. Vilitimia likizo ya Desemba, ulipokuwa unangoja kuingia kidato cha tatu, na ulitandika shuka nyeupe kwenye meza ya kulia chakula kana kwamba unazalisha mtu.

Mimi nilishika simu nikimulika. Ndiyo maana leo naweza kula kiapo. Niliona kila ulichofanya. Kabla ya kugusa chochote ulikwenda kushika nondo za dirisha ili umeme wa mwilini ukutoke, nami nikadhani unaomba dua. Prosesa uliishusha kwa vidole viwili, hukuikandamiza, ikaketi yenyewe, ndipo ukafunga kile kikono chake. Ile dawa ya kijivu ya kupozea uliweka kiasi cha punje ya mchele, ukaniambia ikizidi ni kosa na ikipungua ni kosa. Ulikuwa umebana pumzi. Nimefundisha watoto miaka ishirini na miwili, nimeona mikono mingi ikishika vitu, na sijaona iliyotulia kama yako siku ile.

Ikawaka. Picha ikatiririka. Ulilia, mimi nikacheka, halafu ukanivuta mkono ukanikalisha kwenye kiti, nikagonga ukuta kwenye kona ya kwanza. Ukaniambia, "Mama, breki ikanyage wakati usukani bado umenyooka. Ukishaanza kukata kona umechelewa." Nikakujibu kwamba mimi sina hata leseni ya baiskeli.

Kuna jambo hujalijua vizuri. Siku ile ulipokuta kwenye orodha ya muda kuna mtu amezunguka uwanja kwa dakika nne na ushee, ukauliza, "Nani huyu? Hata trekta la kijiji lingempita," nami nikasema labda ni umeme ulikatika. Ilikuwa mimi, na haikuwa siku moja. Nilikuwa nikitoka shule mapema navua viatu, nakaa hapa na gauni langu la kazini, naendesha mpaka nisikie sauti yako kwa jirani yetu Mama Shaibu ukimwamkia. Nilifika dakika tatu na sekunde tano, nikaifuta kwa aibu. Sasa najuta kuifuta.

Unajua nilivyoishi hapa. Nilipangiwa Newala nikitokea Singida, nikalia, nikasema nitakaa mwaka mmoja. Nikampata baba yako, nikakupata wewe, na baba yako akafariki ukiwa hujaanza shule. Bibi yako hakunifukuza wala hakunibagua. Alinipa mikorosho ya mwanawe niivune kwa ajili yako. Lakini nikiingia kwake nakuta mnaongea Kimakonde, mnacheka, na mkiniona mnahamia Kiswahili kwa heshima yangu, na kicheko kinabaki kule kule kwenye Kimakonde. Sikulaumu. Nakuambia tu kwamba kwenye kile kiti, mbele ya ile barabara ya uongo, sikuwa mgeni wa mtu. Ule ulikuwa wakati mzuri kuliko yote tangu nizike mume, na tuliupata kwa mikono yako.

Ndipo ukaja msimu wa salfa.

Miaka yote waliopuliza hiyo dawa ya unga kwenye mikorosho yetu ni baba zako wadogo, na salfa ilikaa kwao shamba. Mwaka ule wote wawili walikuwa wamehamia Tunduru, nikasema nitasimamia mwenyewe. Nikaleta mifuko sita hapa nyumbani. Banda la jikoni lilikuwa linavuja, na uani wezi walikuwa wameshaiba ndoo na kamba yake, basi nikaona chumba chenye kufuli madhubuti ni hiki, chenye mashine. Nikaipanga ukutani hatua mbili kutoka ulipokaa. Mmoja ulikuwa umechanika pembeni. Uliniambia chumba kinanuka kama kiberiti, nikakuambia uvumilie, ni miezi miwili tu. Asubuhi nilifagia ule unga wa njano, ukaruka, na feni ya kompyuta ikauvuta.

Mama Shaibu alipita akaona ile mifuko kupitia dirishani. Akasimama, hakuingia. Akaniambia, "Mwalimu, hiyo salfa usiilaze ndani. Inakula."

Nikamuuliza inakula nini.

"Inakula vitu," akasema, na akashika hereni yake ya fedha akaigeuza niione. Ilikuwa nyeusi tii. "Hii nililala nayo chumba kimoja na mifuko, mwaka ule wa kwanza nilipoolewa."

Rehema, nilidhani ananiambia mambo ya uchawi. Mahali hapa neno hilo la kula nimelisikia likisemwa kwa nyumba, kwa mtoto, kwa mtu aliyekonda ghafla, na kila nikilisikia naweka uso wa kisomi. Nikamshukuru, nikatabasamu lile tabasamu langu la ofisini, na moyoni nikasema masikini Mama Shaibu. Mwanamke amekulia chini ya mikorosho, ananionyesha ushahidi sikioni mwake, na mimi niliyefundisha sayansi darasa la sita namhurumia. Ningeuliza swali moja zaidi tu ningepona. Sikuuliza kwa sababu nilikuwa nimeshamweka kwenye kundi la watu wasiojua.

Mwezi wa nane mashine ikaanza kuzima yenyewe. Ukaifungua, ukaifuta vumbi, ukachomoa ramu ukairudisha, ikawaka siku tatu. Halafu ikakataa kabisa. Tukaifunga kwenye kanga tukashuka nayo Masasi kwa yule kijana mwenye duka la simu na kompyuta. Hakuiweka hata mezani. Aliishika kwa mkono mmoja, mkono wa pili ana simu sikioni, akachungulia ndani akauliza aliyeifunga ni nani. Ukamwamkia tena, ukasema ni wewe. Akasema, "Umeua prosesa, dada. Hivi vitu si vya kujifunzia."

Tulipanda kurudi Newala, na kuanzia tulipoanza mlima mpaka juu ulikuwa unaitazama mikono yako iliyokuwa mapajani. Niliiona. Mama mwenye akili angeishika. Mimi nilingoja tufike nyumbani ndipo nikakuambia, "Si nilisema mambo mengine tuwaachie mafundi?" Sikuwa nimewahi kusema hivyo. Nililitunga pale pale kwa sababu nilikuwa na hasira, na hasira yangu ilikuwa ya kunyang'anywa kile kiti. Ulikwenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa safi.

Baada ya hapo hukugusa tena kitu chenye waya. Redio ya bibi yako ilipokatika sauti ulikataa hata kuifungua, ukasema mwiteni mtu. Nyumba ikanyamaza. Tulikuwa tunakula, unasoma, nasahihisha, tunalala. Kila Jumamosi nilifuta vumbi kwenye usukani, na sijui kama uliwahi kuona.

Mwaka jana mwezi wa tatu nilikwenda Ndanda kupimwa macho. Nilikuambia kikapu nilichobeba ni cha muhogo wa kumpelekea rafiki yangu. Ndani ya kikapu ilikuwa mashine. Nilitaka nikushtukize, lakini kusema kweli nilikuwa nimekumisi kuliko ninavyoweza kueleza, na ulikuwa unalala chumba cha pili.

Pale barabarani kuna fundi wa redio, mtu mnene mwenye hasira, anaongea na kazi yake badala ya kuongea na mteja. Alifungua skrubu zote akazipanga kwenye kifuniko cha chupa. Akachukua kile kipozeo cha shaba kinachokaa juu ya prosesa, akakikwangua kwa ukucha. Kilikuwa cheusi kama chungu cha kuni. Akavaa miwani yake ya kukuza, akatazama vile vimiguu vya kwenye bodi muda mrefu, kisha akanusa. Alinusa mashine, Rehema, kama mtu anayenusa mchuzi.

"Mama unatoka wapi?"

Nikasema Newala.

"Mna mikorosho?"

Nikasema tunayo.

"Salfa mliiweka wapi?"

Akaniambia kwamba redio zake mbili zilikufa hivyo hivyo alipokuwa kijana, kwamba salfa na unyevu wa ule ukungu wetu wa mlimani vikikutana kwenye shaba na fedha vinazigeuza kuwa masizi, na umeme haupiti kwenye masizi. Akasema kwa kifupi, "Imeliwa hii." Neno lile lile. Nikauliza kuhusu prosesa, kama aliyeifunga alikosea. Akaigeuza akaitazama pande zote. "Aliyefunga hii ana mkono mzuri," akasema. "Ni nani?" Nikasema ni binti yangu. Akasema nikulete, anahitaji mtu.

Hayo ndiyo maneno niliyobeba kutoka Ndanda mpaka Newala. Nilikuwa nimeyashika vizuri, nilikuwa nayarudia ndani ya gari ili nisikosee hata moja.

Nikafika. Ulikuwa umekaa uani na ile fomu ya machaguo ya kidato cha nne, kalamu mkononi. Ukasema, "Mama, nimeandika ualimu." Nikauliza mbona, na elektroniki uliyokuwa unaiota? Ukacheka kidogo ukasema, "Mimi mikono yangu inaua vitu. Watoto angalau wana sauti, nikiwaumiza watalia."

Hapo ndipo nilipotakiwa kufungua mdomo. Niliufungua nikasema, "Vizuri, mwanangu."

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini, na sababu naijua, ni mbaya na ni ndogo. Kwa ualimu ungemaliza ukarudi. Ningekwenda kumwona ofisa ninayefahamiana naye, ungepangwa hapa hapa, au Chidya, au hata Masasi mjini, ungekuja Ijumaa na kuondoka Jumapili. Tungekuwa walimu wawili tunasahihisha kwenye meza moja. Kwa elektroniki ungekwenda ukabaki kule kule kwenye mitambo. Niliyaona yote hayo kwa muda wa kukaa kwenye kigoda. Nikachagua nyumba yenye watu wawili. Mashine niliirudisha juu ya kabati usiponiona, na muhogo nikasema umefika salama.

Kuhusu mikono yako sikukudanganya kwa maneno. Niliacha tu uongo wa mtu mwingine ufanye kazi yangu. Nilikuwa najitetea hivyo, na kila nikijitetea nakuona ukimwita mtu wa kubadilisha taa.

Mjomba wako Iddi, ambaye hajui lolote, alikuombea nafasi kwenye chuo cha ufundi kule Dodoma. Barua ya kukubaliwa ilikuja wiki moja na ile ya chuo cha ualimu cha Songea. Uliisoma ukiwa umesimama, ukaikunja, ukaiweka katikati ya kamusi, na mimi nilikuwa napepeta mchele nikaendelea kupepeta. Alhamisi nimepiga simu kule. Nimejifanya katibu wa shule. Wamesema nafasi yako ipo mpaka Ijumaa hii inayokuja.

Barua hiyo nimeitoa kwenye kamusi nimeiweka kwenye bahasha hii. Nimeweka pia kipande kimoja cha ramu. Kitazame meno yake kwenye mwanga, uone weusi ulivyotambaa. Nimekiweka kwa sababu ningekuwa wewe nisingeniamini kwa maneno peke yake.

Simaanishi uache ualimu. Ni kazi niliyoipenda, na baadhi ya siku bado naipenda. Kama unakwenda kwa kuwa unataka kusimama mbele ya watoto, nenda, utakuwa mzuri, una subira. Lakini kama unakwenda kwa sababu ya mikono yako, basi unakwenda kwa sababu ya mifuko yangu sita na mdomo wangu uliofungwa, na sitaki ukaitumikie hiyo mifuko miaka thelathini.

Wala sitaki unisamehe haraka ili nijisikie vizuri. Una haki ya kukasirika. Kasirika mpaka hasira iishe, hata kama ni mwaka. Nilipokuwa na umri wako niliondoka kwetu nikiwa nimemkasirikia baba yangu kwa jambo dogo kuliko hili, na sikuandika barua kwa miezi saba. Alikuwa akimtuma mtu posta kila wiki. Niliambiwa hivyo kwenye msiba wake. Sikuelezi ili unihurumie. Nakueleza ili ujue kwamba hata ukinyamaza mimi nitaendelea kungoja, na kungoja hakutaniua, ni jambo nililolizoea.

Nimesikia bodaboda, nimedhani ni wewe. Amepita.

Nyumba imeshaanza kuwa tupu. Nimeona leo ulipotoka tu. Nimeita "Rehema" kuuliza chumvi iko wapi, na sauti imekwenda mpaka uani ikarudi. Nitakuwa nakula kwenye sahani moja nisimame nayo jikoni, najijua. Nitakuwa nakwenda kwa Mama Shaibu zaidi. Nilimwomba radhi kwa ile hereni wiki iliyopita, akashangaa, akasema hakumbuki hata kuniambia. Mimi ndiye niliyekuwa nimeibeba.

Basi la kesho asubuhi litakufikisha Masasi mapema, na nimekuandikia juu ya bahasha kwamba uisome njiani, kabla hujashuka. Pale stendi magari ya kwenda Songea yanasimama upande mmoja, na ya kwenda Lindi na mbele yake, ya Dar es Salaam na Dodoma, yanasimama upande mwingine. Tiketi ya Songea hatujakata, nilikuambia nimesahau. Sikusahau. Nauli niliyokupa inatosha upande wowote, na Mjomba Iddi nimemwambia awe na simu karibu, bila kumwambia kwa nini.

Sitakusindikiza mpaka Masasi. Ulilalamika jana kwamba mama za wenzako wote wanakwenda. Nikienda nitasimama kwenye mlango wa gari la Songea, najijua, na wewe utapanda kwa kunionea huruma. Kwa hiyo nitakuacha hapa hapa Newala, nitakupungia, nitarudi ndani.

Ukifika, nipigie. Sitakuuliza umekula nini wala umelala wapi. Niambie tu uko wapi.

Mama yako